Watoto Wawili wa Nyumba Moja na Kodi ya Marekani

Mdogo wangu anaishi Houston, Texas, tangu mwaka 2009, na watoto wake wawili wamekulia kwa sehemu kubwa katika nyumba ya mama yetu hapa Ngamiani, Tanga. Wa kwanza ni binti, aliyezaliwa Hospitali ya Bombo mwaka mmoja kabla ya safari ya baba yake. Wa pili ni mvulana, aliyezaliwa Houston mwaka 2014 na kuletwa kwetu mwishoni mwa 2018, wakati wifi yangu alipokuwa akifanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee na malipo ya mtu wa kukaa na mtoto yalikuwa yakimaliza karibu mshahara wake wote. Watoto hawa wamekula sinia moja, wamefokewa na bibi mmoja, na fedha za kuwatunza zimetoka kwa baba mmoja. Hata hivyo, baba yao anapojaza ritani yake ya kodi, yaani taarifa ya mapato na kodi yake ya mwaka, sheria ya Marekani humtambua mmoja wao kwa masharti, na mwingine haimtambui kabisa. Nimelazimika kulielewa jambo hili kwa kina, kwa sababu karatasi nyingi zinazoweza kuthibitisha au kukanusha madai ya baba huyo ziko huku kwetu, na mimi ndiye ninayezitunza.

Nilifanya kazi ya karani wa mishahara katika shamba la mkonge hadi nilipostaafu, kwa hiyo habari za makato hazikuwa ngeni kwangu. Kodi ya mshahara ya kwetu haiulizi habari za watoto. Mwajiriwa mkaazi wa Tanzania Bara ambaye mapato yake ya mwezi hayazidi shilingi 270,000 hakatwi, na anayezidi hapo hukatwa kwa ngazi zinazoanzia asilimia 8 na kuishia asilimia 30, awe mseja au awe na watoto tisa. Wamarekani wamejenga kodi yao kwa kuitazama familia. Hadi mwaka wa kodi 2017, kila mtegemezi aliyekubalika alimpunguzia mzazi dola 4,050 katika mapato yanayotozwa kodi. Sheria iliyopitishwa Desemba ya mwaka huo ilishusha kiasi hicho hadi sifuri kuanzia 2018, lakini ikaipandisha nafuu ya mtoto, ambayo hupunguzwa kwenye kodi yenyewe, kutoka dola 1,000 hadi dola 2,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 17, na pia ikaanzisha nafuu ya dola 500 kwa wategemezi wa aina nyingine. Kwa mwaka wa kodi 2025 nafuu ya mtoto imefika dola 2,200. Mtu anayesikia tarakimu hizi akiwa barazani Ngamiani huamini upesi kwamba ndugu aliyeko Marekani, kadiri anavyotuma fedha kwa watu wengi nyumbani, ndivyo anavyorudishiwa zaidi na serikali ya kule. Imani hiyo nimeikuta kwa watu wazima wenye akili timamu, wakiwemo waliosomea uhasibu.

Sharti la kwanza la sheria ya kodi ya kule halihusu fedha. Ili mtu aitwe mtegemezi, ni lazima awe raia wa Marekani, au mwenye utaifa wa nchi hiyo, au mkaazi wake kwa mujibu wa sheria za kodi, au mkaazi wa Kanada au Meksiko. Upo pia mwanya mdogo kwa mtoto wa kuasili ambaye ameishi mwaka mzima na mzazi aliye raia wa Marekani, lakini familia yetu haihusiki nao. Ukiisoma orodha hiyo taratibu utaona mahali ambapo binti yetu anaachwa nje. Yeye ni Mtanzania, ana cheti cha kuzaliwa cha RITA, hajawahi kukanyaga Marekani, na Tanga haiko Kanada wala Meksiko. Baba yake ana kadi ya ukaazi wa kudumu na analipa kodi kila mwaka, lakini hali yake ya ukaazi haimfuniki mtoto. Angeweza kulipa kila senti ya chakula, mavazi, matibabu na masomo ya binti huyo, na bado jibu lingekuwa lile lile. Mama yetu naye yuko katika fungu hilo hilo. Watu wengi hapa huuliza kama mzazi mzee wa Tanzania anaweza kuandikwa katika ritani ya mwanawe aliyeko Marekani, na jibu ni kwamba hawezi, iwapo si raia wala mkaazi wa kule, hata kama hana kipato chochote.

Kwa muda nilifikiri kwamba tatizo la binti ni la namba tu, kwa sababu ndivyo mdogo wangu alivyokuwa ameelezwa. Mtu aliyekuwa akimjazia ritani, katika ofisi ndogo iliyoko karibu na mtaa wao, alimwambia kwamba mtoto asiye na namba ya hifadhi ya jamii hupatiwa namba ya mlipakodi, ile inayoitwa ITIN, kwa kujaza Fomu W-7 na kuambatanisha pasipoti. Nikahangaika kumtafutia binti pasipoti, na kusema kweli pasipoti ni kitu kizuri kuwa nacho, lakini kwa kazi hiyo haikuwa na faida. ITIN haitengenezi haki ambayo mtoto hana. Hutolewa kwa mtegemezi ambaye tayari anastahili kuwemo katika ritani na ambaye uwepo wake unaleta nafuu fulani inayoruhusiwa. Zaidi ya hayo, pasipoti ya mtegemezi isiyo na tarehe ya kuingia Marekani haikubaliwi kuwa uthibitisho unaojitosheleza, isipokuwa kwa wategemezi wa kutoka Kanada na Meksiko na wale wa wanajeshi wa Marekani walioko ng'ambo. Maombi yalikataliwa. Ndipo yule mtayarishaji akadokeza kwamba zipo namba za watoto wengine ambazo mtu anaweza kuzitumia kwa makubaliano. Mdogo wangu aliondoka katika ofisi ile siku hiyo na hakurudi tena, na namshukuru kwa hilo, maana kodi ni jambo linalolipika hata kwa kuchelewa, lakini kudai kwa namba ya mtoto wa mtu mwingine ni kosa la jinai.

Habari ya mvulana ni ngumu zaidi, na ndiyo iliyotufundisha mengi. Yeye ni raia wa Marekani kwa kuzaliwa, namba yake ya hifadhi ya jamii iliombwa hospitalini pamoja na cheti, na sharti la uraia analitimiza. Kwa sababu hiyo baba na mama yake, ambao hujaza ritani ya pamoja, waliendelea kumwandika mwaka 2019 na 2020 kama walivyokuwa wakifanya alipokuwa akiishi nao, na wakapewa nafuu nzima ya dola 2,000 kila mwaka. Yule mtayarishaji hakuwauliza mtoto analala wapi. Sheria inauliza. Nafuu ya mtoto hutolewa kwa mtoto ambaye, pamoja na mambo mengine, ameishi na mlipakodi kwa zaidi ya nusu ya mwaka, na nafuu nyingine ya watu wa kipato cha chini, inayotegemea mapato ya kazi, inataka nusu hiyo ya mwaka iishiwe ndani ya Marekani kwenyewe.

Hapa pana ukumbi mpana wa hoja, na ni haki kuueleza vizuri kwa sababu familia nyingi za Tanga ziko ndani yake bila kujua. Sheria inakubali kwamba mtoto anaweza kuwa mbali na nyumbani kwa muda kwa ajili ya ugonjwa, masomo, likizo na sababu nyingine za namna hiyo, na bado akahesabiwa kuwa anaishi na mzazi wake, ili mradi kuna sababu ya maana ya kutarajia kwamba atarudi katika nyumba ile. Jirani yetu ana mjukuu wa kike, raia wa Marekani, aliyeletwa kwa mwaka mmoja wa masomo ili ajue Kiswahili na asome Kurani kwa mwalimu wa mtaani. Alikuja na tiketi ya kwenda na kurudi, shule yake ya kule iliandikiwa barua kwamba atarejea mwaka unaofuata, bima yake ya afya iliendelea kulipwa, na chumba chake kilibaki chake. Wazazi wake walipeleka karatasi hizo kwa mtaalamu wa kodi mwenye leseni, naye akaridhika kwamba kutokuwepo kwake kulikuwa kwa muda. Wetu hakuja hivyo. Alikuja bila tiketi ya kurudi, wazazi wake wakahamia nyumba ndogo yenye chumba kimoja, akaandikishwa chekechea hapa na kisha darasa la kwanza, na kila mtu alipouliza atarudi lini jibu lilikuwa kwamba tutaona mambo yatakavyokwenda. Kwa jicho lolote la haki, nyumbani kwake palikuwa kwa bibi yake.

Mwaka 2021 barua ya mamlaka ya mapato ya Marekani, yaani IRS, iliwafikia Houston, ikitaka uthibitisho kuhusu mtoto aliyeandikwa katika ritani ya 2019. Walitakiwa kupeleka cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha uhusiano, pamoja na kumbukumbu za shule, za hospitali au za mahali pengine zinazoonyesha jina la mtoto, anwani yake na tarehe za mwaka husika. Mdogo wangu alinipigia simu usiku.

"Dada, wanataka barua ya shule inayoonyesha kwamba mtoto alikuwa anaishi na mimi."

"Shule ipi, mdogo wangu? Mwaka ule wote alikuwa anasoma hapa."

"Ndiyo hiyo hiyo. Mwalimu mkuu hawezi kuandika tu kwamba mimi ndiye mzazi na ndiye mlipaji wa ada, bila kutaja mtoto anapokaa?"

Nilimwelewa, na sikumwona kuwa ni mtu mwongo. Alikuwa akiamini, kama sote tulivyoamini, kwamba anayelipa ada ndiye anayeishi na mtoto kwa maana yenye uzito. Lakini barua isiyotaja anwani isingejibu swali lililoulizwa, na barua yenye anwani ya Houston ingekuwa ushahidi wa uongo uliopigwa muhuri wa shule ya Tanga. Nilimwambia kwamba nitaomba barua inayosema mambo yalivyo, yeye akaisome kwanza na mtu anayeijua sheria, kisha aamue namna ya kujibu. Safari hii alikwenda kwenye kituo kinachowasaidia bila malipo walipakodi wa kipato cha chini wenye mgogoro na mamlaka, na huko akaelezwa jambo ambalo lilimfanya ashukuru kwamba hatukuchezea karatasi: anayedai nafuu ya mtoto kwa uzembe wa kupuuza kanuni anaweza kuzuiwa kuidai kwa miaka miwili, na anayeidai kwa udanganyifu huzuiwa kwa miaka kumi. Kosa la kutoelewa, likikiriwa kwa ukweli mapema, kwa kawaida humalizika kwa kulipa kodi iliyopungua pamoja na riba yake.

Kupata karatasi zenyewe kulikuwa na taabu yake. Shule iliandika barua kwa Kiingereza, katika karatasi yenye nembo, ikitaja tarehe ya kuandikishwa, makazi ya mtoto na jina langu kama mlezi. Kadi ya kliniki iliandikwa kwa Kiswahili, hivyo ikahitaji tafsiri. Ofisi ya serikali ya mtaa ilitoa barua ya ukaazi mara moja, maana mwenyekiti wetu anamfahamu mtoto kwa utundu wake. Kilichotusumbua ni jina. Cheti cha Texas kinamtaja kwa jina lake na la ukoo, basi, wakati shule ya hapa ilimwandikisha kama tunavyoandikishana sote, jina lake, la baba na la babu, na kadi ya kliniki ikaishia kwa jina lake na la baba. Mtu asiyetujua angedhani ni watoto watatu. Ilibidi kuapa mbele ya wakili kwamba majina hayo yote ni ya mtoto mmoja, na tangu hapo ninawasihi ndugu wanaopokea watoto kutoka nje wawaandikishe kila mahali kwa jina lile lile lililoko katika pasipoti, hata kama linawasikitisha mababu.

Barua ya shule ilipofika Houston, ilionekana wazi kwamba nafuu ya dola 2,000 haikustahili. Lakini mwanasheria wa kituo kile aliona jambo jingine ambalo mtayarishaji wa awali hakuligusa. Mtoto ambaye hakuishi na mzazi wake anaweza bado kuwa mtegemezi kwa njia ya pili, ile ya jamaa anayestahili, ambayo haimlazimishi mtoto wa mtu kuishi naye nyumba moja. Masharti yake ni kwamba mtoto awe raia au mkaazi kama nilivyoeleza, kipato chake mwenyewe kiwe chini ya kiwango kinachowekwa kila mwaka, ambacho kwa mwaka 2024 kilikuwa dola 5,050, asiwe wa mlipakodi mwingine kwa ile njia ya kwanza ya mtoto anayeishi na mlipakodi, na mzazi awe ametoa zaidi ya nusu ya matunzo yake ya mwaka mzima. Kuhusu sharti la mlipakodi mwingine, mtu angeweza kusema kwamba mtoto anaishi na bibi yake, hivyo ni wa bibi. Lakini mama yetu hawajibiki kuwasilisha ritani yoyote Marekani na hajawahi kuwasilisha, na kwa hiyo hahesabiwi kuwa mshindani. Mtegemezi wa njia hii haleti dola 2,000. Huleta ile nafuu ya dola 500, ambayo hupunguza kodi inayodaiwa, lakini haimrudishii mtu fedha ikiwa hana kodi ya kupunguza.

Likabaki sharti la matunzo, na hapo ndipo ukarani wangu ulipopata kazi. Matunzo, kwa hesabu yao, ni jumla ya kila kitu kilichotumika kumweka mtoto hai na salama kwa mwaka: chakula, malazi, mavazi, masomo, matibabu, usafiri na mengineyo ya lazima. Malazi hayahesabiwi kwa bei ya saruji na mabati, bali kwa kodi ya pango ambayo sehemu anayoitumia mtoto ingeweza kupangishwa. Hili ndilo linalosahauliwa na wengi, maana nyumba ya bibi huonekana kuwa ya bure. Si ya bure. Ni mchango wa bibi, na katika hesabu unasimama upande wa pili dhidi ya fedha za baba.

Nilifungua daftari langu la kaunta na kupanga mambo hivi. Nyumba yetu ingepangishwa nzima kwa takriban shilingi 200,000 kwa mwezi, nasi tulikuwa wanne ndani yake, kwa hiyo sehemu ya mvulana ni shilingi 50,000 kwa mwezi, au 600,000 kwa mwaka. Chakula cha nyumba kilikuwa kama shilingi 480,000 kwa mwezi, na fungu lake moja kati ya manne likawa 1,440,000 kwa mwaka. Ada ya shule yake ya binafsi ilikuwa 1,800,000. Gari la shule, sare na vitabu vilichukua 500,000, mavazi pamoja na nguo za Idi 200,000, na matibabu 160,000. Jumla ikawa shilingi 4,700,000. Baba yake alikuwa amelipa ada yote, gari, sare na vitabu, na fedha zake za kila mwezi zilikuwa zikibeba nusu ya chakula cha nyumba, ambayo kwa fungu la mvulana ni 720,000. Kwa hiyo mchango wake ulikuwa 3,020,000, sawa na asilimia 64 hivi. Nusu nyingine ya chakula, mavazi na matibabu nilivilipa mimi kutokana na pensheni na biashara yangu ndogo ya vitenge, na malazi alitoa bibi.

Ningependa msomaji aone jinsi hesabu hiyo ilivyokuwa karibu kuelekea kwingine. Kama mtoto angesoma shule ya serikali, ambako elimu haina ada tangu mwaka 2016, ile 1,800,000 isingekuwepo, na mchango wa baba ungeshuka hadi 1,220,000 katika jumla ya 2,900,000, yaani chini ya nusu, bila yeye kupunguza hata shilingi moja katika fedha anazotuma kila mwezi. Pia kama angekuwa ametuma fedha zote kwa jina la bibi bila maelezo, tungewezaje kuonyesha kwamba ni za mtoto na si zawadi ya mtu kwa mama yake? Fedha zinazotumwa kwa nyumba nzima hugawanywa kwa watu wote wanaozila. Kwa bahati, ada ilikuwa ikilipwa moja kwa moja katika akaunti ya shule, na risiti zake zilikuwa na jina la mtoto. Ujumbe wa simu wa kupokea fedha hupotea simu inapobadilishwa, na taarifa za kampuni za kutuma fedha ni rahisi kuzipata Houston kuliko hapa, kwa hiyo tulikubaliana kwamba yeye atunze za kutuma na mimi nitunze za kutumia.

Mamlaka ilikubali dola 500 na kumtaka arudishe 1,500 za mwaka 2019 pamoja na riba. Ritani ya 2020 aliirekebisha mwenyewe kwa Fomu 1040-X kabla hajaulizwa. Lakini kadhia ilikuwa na mkia. Mwaka huo huo wa 2021, kwa sababu ya sheria ya dharura ya wakati wa UVIKO-19, serikali ya Marekani ilianza kutuma nusu ya nafuu ya mtoto mapema, kila mwezi kuanzia Julai hadi Desemba, ikifuata majina yaliyokuwa katika ritani zilizotangulia. Dola 250 za mvulana ziliingia benki bila mtu kuziomba. Wifi alifurahi, na nani asingefurahi, lakini mtoto alikuwa Tanga mwaka mzima na fedha hizo hazikuwa zao. Walizisimamisha kupitia ukurasa maalumu wa mamlaka, na zilizokwisha kuingia wakaziandika katika ritani ya mwaka ule. Deni lote wamelilipa kwa mafungu.

Binti aliijua habari hii yote kwa kusikia, kwa sababu nyumba yetu haina siri, na akiwa kidato cha nne alinikalisha akaniuliza, "Shangazi, baba ananilipia kila kitu kama anavyomlipia mdogo wangu. Mimi mbona simo?" Nilimjibu kwamba karatasi ile haipimi upendo wa baba yake wala haiiambii serikali ana watoto wangapi, inaulizia watu ambao Marekani inawahesabu kuwa wake au waliomo ndani ya mipaka yake. Hakuridhika, na sioni kwa nini angeridhika. Akaniambia kwamba, kwa masharti hayo, angekuwa Mtanzania anayeishi Toronto angeweza kuandikwa mtegemezi. Ni kweli, ingawa hata huyo wa Toronto asingeleta ile nafuu ya dola 500, inayotaka mtegemezi awe raia au mkaazi wa Marekani yenyewe.

Mdogo wangu amewasilisha ombi la kumhamishia binti kule kama mtoto wa mkaazi wa kudumu, baada ya mama yake mzazi, aliyeolewa Muheza, kuridhia hatimaye. Watu wameanza kumpongeza na kumwambia kwamba sasa anaweza kumwandika katika ritani, nami huwarekebisha. Ombi ni ombi. Halimfanyi binti kuwa mkaazi hadi viza ya uhamiaji itoke na aingie nchini humo. Na hata baba yake akiapishwa uraia kesho, mtoto anayeendelea kuishi Tanga hageuki raia kwa kiapo cha baba, kwa maana sheria inayompa mtoto uraia kwa njia hiyo inataka awe chini ya miaka 18, awe mkaazi wa kudumu, na awe anaishi Marekani chini ya ulezi wa mzazi huyo. Kwa upande wa mvulana kuna saa nyingine inayohesabika huku kwetu: anao uraia wa Tanzania pia kwa sababu ya baba yake, lakini sheria yetu itamtaka achague mmoja atakapotimiza miaka 18, na sijui kama baba yake amekwisha kulifikiria jambo hilo.

Mvulana alirudi Houston katikati ya Juni 2025, wazazi wake walipopata nyumba yenye nafasi na wifi alipohamishiwa zamu ya mchana. Tarehe ile haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Desemba anakuwa ameishi nao zaidi ya nusu ya mwaka, na kwa kuwa bado hajafika miaka 17, ritani ya mwaka huo inaweza kumdai kwa nafuu nzima. Angeondoka baada ya likizo ya Agosti, kama bibi yake alivyotaka ili asherehekee naye Maulidi, mwaka mzima ungebaki katika fungu la dola 500. Katika mkoba wake niliweka barua ya uhamisho ya shule yenye tarehe ya mwisho ya masomo, kadi ya kliniki na tafsiri yake, kile kiapo cha majina, na nakala ya tiketi. Nilimwagiza mdogo wangu amwandikishe shule wiki ile ile ya kufungua, kwa anwani ya nyumba wanayoishi, kwa sababu familia iliyokwisha kuulizwa mara moja ni busara iwe na karatasi kabla ya kuulizwa tena.

Binti yuko kidato cha tano. Ada hakuna, lakini nauli, godoro la bweni, madaftari na fedha za matumizi zinatumwa na baba yake kila muhula, nami ninaendelea kuziandika katika daftari lile lile, kwenye kurasa zake, ingawa kwa sasa hakuna fomu yoyote inayozihitaji.